Mrejesho: mipangilio mimoja ya kunakili kadi za kamera

Ndugu zangu, narejea kuhusu swali langu la namna ya kuzifanya kompyuta mpakato zetu nne zinakili kadi za kamera kwa utaratibu mmoja, badala ya kila msaidizi kujipangia folda zake.

Nilifuata ushauri wa kuweka faili moja ya mipangilio kwenye seva ya ofisi, ambayo kila kompyuta huisoma inapowashwa lakini haina ruhusa ya kuibadilisha. Kilichotusumbua zaidi ni majina: kamera zetu zote mbili huanza kuhesabu na C0001.MP4, hivyo zikirekodi siku moja huzaa majina yaleyale, na hapo ndipo tulipokuwa tukifutiana kazi. Sasa jina la folda hujiunda lenyewe kwa tarehe, herufi ya kamera na namba ya kadi, na msaidizi hujaza namba hiyo tu.

Uhakiki wa nakala, yaani kukokotoa alama ya kila faili na kuilinganisha na ya faili asilia, tumeuhamisha kutoka njia ya MD5 kwenda ya xxHash64, ambayo ni nyepesi zaidi kwa prosesa, ingawa diski zetu kuukuu bado zinatuchelewesha, kwa hiyo msitarajie miujiza. Kila kadi hunakiliwa kwenye diski mbili, wala haifutwi mpaka nakala zote mbili zihakikiwe kwa orodha ya MHL (faili inayotunza alama hizo za kila faili).

Kasoro moja imebaki: tukiwa porini bila mtandao, kompyuta hutumia mipangilio iliyoisoma mara ya mwisho, na wiki iliyopita mmoja wetu aliondoka na ya zamani. Tangu hapo, kila kompyuta huwashwa kwanza ofisini kabla ya safari.