Mrejesho: kilainishi kisicho na silikoni cha kuingizia bushi za mpira

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa kilainishi cha kuingizia bushi (vipande vya duara vinavyopachikwa kwenye matundu ya chuma) za EPDM, aina ya mpira wa viwandani, kwenye vyuma vitakavyopakwa rangi baadaye; silikoni ikibaki kidogo tu, rangi hujitenga na kuacha vishimo.

Grisi ya kawaida haifai: mafuta ya madini huvimbisha EPDM, ingawa kwa NBR (aina nyingine ya mpira) hayana neno. Kilichofaa ni maji lita 1 na matone machache ya sabuni ya maji isiyo na silikoni. Sukuma bushi kwa mkupuo mmoja. Ukisita katikati, mpira hung'ang'ania. Acha ikauke kabisa kabla ya kubebeshwa mzigo, la sivyo itazunguka. Suuza kabla ya kupaka rangi.

Brashi ya kupakia kilainishi iwe mpya! Iliyowahi kugusa silikoni haisafishiki kirahisi.