Naomba ushauri: nimestaafu ualimu, siku haziishi

Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nipo Morogoro, nimestaafu mwaka huu baada ya kutimiza miaka 60. Pensheni inaingia, kwa hiyo shida si fedha. Shida ni siku yenyewe. Alfajiri nimeshaamka kama zamani, nasikia wanafunzi wakipita mbio kuwahi namba, na mimi sina pa kwenda. Mke wangu bado yuko kazini. Watoto wako Mwanza na Dar, wanapiga simu ila ni salamu za haraka haraka.

Nimejaribu bustani ya mchicha. Saa mbili nimeshamaliza kumwagilia. Kwenye kundi la WhatsApp la walimu wenzangu bado nimo, lakini wanaongelea ratiba na mitihani, nabaki kusoma tu. Inaniuma kwa kweli.

Mliotangulia kustaafu, mlifanyaje kuendelea kuonana na wenzenu wa kazini bila kuwa usumbufu? Na nikitaka kuwafundisha watoto wa mtaani kwetu jioni, bure, nianzie kwa wazazi au kwa mwenyekiti wa mtaa?

Natanguliza shukrani.