Naomba ushauri: nichapishe wapi utafiti wa sumukuvu ili usomwe bila malipo?
Ndugu zangu watafiti, nimekamilisha makala kuhusu sumukuvu katika unga wa lishe wa watoto, nami ningependa isomwe bila malipo na maofisa lishe wa wilaya, ambao ndio wanaoyahitaji matokeo haya kuliko mtu yeyote. Jarida moja la nje linatoza ada inayozidi kabisa uwezo wangu, ingawa nafahamu kwamba wachapishaji kadhaa hupunguza au kufuta ada kwa watafiti wa nchi zenye kipato kidogo. Je, msamaha huo huombwa kabla ya kuwasilisha andiko, au nitangulize rasimu kwenye bioRxiv, hifadhi ya mtandaoni ya rasimu za tafiti za biolojia iliyoanzishwa mwaka 2013? Tena, jarida kuorodheshwa na DOAJ, yaani orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bila malipo, kunatosha kuthibitisha kwamba si la kitapeli?