Tupeane uzoefu: wasifu wa nyanya usiwe orodha ya watoto tu

Kila Jumamosi, kuanzia Nakuru hadi Busia, kuna wasifu unasomwa chini ya hema: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto tisa, akaugua, akaaga. Ukiondoa majina, huyo ni nyanya wa yeyote. Wenye ujuzi wa kuandaa karatasi hizi, mwageni mbinu hapa, kila mmoja akitaja anakotoka. Hadithi za kwenu binafsi ziwekeni kando; tunataka jinsi ya kufanya.

Ahero
Anzeni na umri, ndipo penye uongo mwingi. Kitambulisho msikiamini sana. Wanawake wa Kenya walianza kusajiliwa baada ya sheria kurekebishwa 1978, na mara nyingi mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa tu. Kama yu hai, ukimuuliza "ulizaliwa lini" atakujibu "zamani." Uliza kwa matukio. Bendera ilipopandishwa Desemba 1963, ni mtoto yupi alikuwa mgongoni? Mvua kubwa ya 1961, ilimkuta kwao au alikuwa ameshaolewa? Kama kifungua mimba alikuwa anaanza kutembea siku ya Uhuru, basi huyo ni wa 1962. Mama akiwa alimpata na miaka kama 18 hadi 20, mmefika kati ya 1942 na 1944. Andikeni "mnamo 1943" na mwachie hapo. Tarehe na mwezi msibuni.

Kimilili
Jina nalo ni kalenda. Kwa Wabukusu, Nanjala ni wa wakati wa njaa, Nekesa wa mavuno, Nafula wa mvua, Nasimiyu wa kiangazi. Mwaka huupati, msimu unaupata. Tena, andikeni jina aliloitwa ndoani. Kwa Wajaluo atakuwa nyar Seme au nyar Alego, yaani binti wa Seme au wa Alego, na wenzake wa rika pengine la kitambulisho hawajawahi kulisikia. Tangazo la redio likitaja hilo la kitambulisho pekee, watajua wiki moja baadaye kwamba ameshazikwa.

Luanda, Vihiga
Mimi nina ugomvi na neno "mkarimu." Limechoka. Mkisema alipenda wajukuu, semeni alilea wangapi, miaka gani, na karo ilitoka wapi: maziwa ya jioni, kuku, au vikapu vya kusuka. Mkisema mboga yake ilikuwa tamu, elezeni utamu ulitoka wapi.

Chukueni munyu, maji ya majivu ya kupikia mboga ya mrenda. Mabua ya maharagwe yaliyokauka, au maganda ya ndizi, huchomwa mpaka yawe majivu. Majivu hutiwa kwenye mkebe uliotobolewa matundu madogo chini, maji yakamiminwa juu polepole. Kinachodondoka, chenye rangi ya chai ya rangi, ndicho munyu. Ukimwaga maji kwa pupa hutoka hafifu, na tundu likiwa kubwa majivu hupita, mboga ikajaa mchanga. Hutiwa kwenye maji yanayochemka kabla ya majani, ndipo mrenda unalainika upesi na kuteleza vizuri. Ukizidisha, unakuwa mchungu na kukereketa ulimi.

Sasa, kiasi gani? Atakwambia "kidogo tu." Mwache amimine kwenye kikombe kama kawaida yake, halafu wewe upime kwa kijiko kabla hajatia sufuriani. Asiyefanya hivyo nyanya akiwa hai ataandika "mapishi matamu" kama wengine wote.

Kisumu, Kondele
Orodha ya familia isomwe na watu watatu kabla ya kuchapishwa: mmoja wa kila nyumba ikiwa kulikuwa na wake wenza, na mmoja wa upande alikozaliwa. Waliotangulia watajwe, hata aliyefariki mchanga. Msione ni adabu tu. Kijitabu hicho huweza kuja kutolewa kortini kwenye kesi ya mirathi. Vyeo vya kanisani ulizeni kwa katibu wa Mothers' Union au Dorkas, vikundi vya akina mama kanisani, daftari wanalo.

Nakuru mjini
Uchapishaji kwa ufupi. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu ni kurasa 8, 12 au 16. Ukileta 10, mbili zitabaki tupu. Picha ya jalada isitoke kwenye kitambulisho, ikikuzwa inakuwa na ukungu. Ya zamani itoeni kwenye fremu, ipigeni picha kando ya dirisha bila mwanga wa simu, na mkituma kwa WhatsApp itumeni kama faili, maana ikienda kama picha inabanwa na kupoteza ubora.

Ahero
Nimekumbuka kuhusu kumrekodi. Weka simu kwenye hali ya ndegeni isije ikaita katikati. Iwe karibu naye, juu ya kitambaa badala ya meza tupu. Nusu saa inatosha, urudi siku nyingine. Mvua ikianza chini ya mabati zima tu, hutasikia neno.