Vanishi, asidi, lipu au niache tu? Ukuta wa matofali unatoa unga mweupe (Lubumbashi)

Bel_Air_243
Jambo yenu wote. Naomba shauri kabla ya Jumamosi, masoni wangu (fundi wa kujenga) anasubiri jibu. Ukuta wangu wa matofali ya kuchoma umeanza kutoa unga mweupe, ukipitisha mkono unabaki na vumbi kwenye kiganja. Masoni anasema tusugue kwa brashi ya waya, halafu tupake vanishi inayong'aa, maji yasiingie tena na tufali libaki jekundu. Shemeji yangu anasema vanishi ni kutupa pesa, tupige lipu ya sima (saruji) tuufunike kabisa. Mwenye duka la vifaa naye ananiuzia asidi. Nichukue ipi? Mvua ziko karibu.

Fundi_Kalubwe
Ndugu, kwa maelezo hayo hakuna atakayekushauri vizuri. Ni ukuta wa nyumba au wa lupango, yaani uzio wa kiwanja? Umejengwa lini? Unga uko chini karibu na ardhi au juu? Unatoka kwenye tufali lenyewe au kwenye viungo vya sima? Na matofali ni ya udongo wa kichuguu cha mchwa au ya udongo wa bondeni? Jibu kwanza hayo, ndipo tuzungumze dawa.

Mama_Kampemba
Mimi nasema asipake chochote. Unga huo ni chumvi, ilikuwa tayari ndani ya tufali, ndani ya mchanga au ndani ya sima. Maji yakiingia yanaiyeyusha, jua likiwaka yanatokea usoni mwa ukuta, yanakauka na kuiacha pale. Ndiyo maana mvua zikikatika na kiangazi kikikaza, kuta za mji huu zinakuwa nyeupe. Ukuta mpya hutoa unga msimu mmoja au miwili, kisha hupungua wenyewe kama maji hayaendelei kuingia. Chukua brashi ngumu ya nyuzi, sugua ukuta ukiwa mkavu, unga uupokee kwenye kitambaa uutupe mbali. Ya waya usiiguse: inachubua tufali na kuacha chembe za chuma zitakazopata kutu. Na usimwage maji mengi, chumvi itayeyuka irudi ndani.

Katuba_Bloku
Shida ni kung'ang'ania matofali ya vichuguu. Jenga kwa bloku za sima, piga lipu, paka rangi, maneno kwisha.

Fundi_Kalubwe
@Katuba_Bloku hapana, mkubwa. Bloku nazo zinatoa weupe, nimeuona kwenye kuta nyingi huku Kalubwe. Sima ikishika, inazaa chokaa ndani yake. Maji yanaibeba hadi nje, inakutana na hewa na kugeuka gamba gumu ambalo maji hayaliondoi. Hiyo ni tofauti na unga anaoueleza ndugu yetu. Namna ya kujua: lowesha kidogo. Ukiyeyuka na kupotea, ni chumvi. Ukibaki, dondoshea siki, na ukitoa povu ni chokaa ya sima.

Kichuguu_Chekundu
Naomba vichuguu visitukanwe hapa. Nyumba ngapi za mji huu zimesimama kwa udongo huo! Mchwa wanapandisha udongo laini kutoka chini, unashikana vizuri, fundi hahitaji kuuchekecha sana. Nakubali kwamba vichuguu vikubwa vya Katanga vina chokaa ndani, ukikivunja unaona vipande vyeupe. Mchomaji mwenye akili anavitoa. Asipovitoa vinaungua tanuruni, vinakuwa chokaa hai, na siku vikinywa maji vinavimba na kurusha kipande cha tufali. Lakini hapo unaona shimo dogo lenye doa jeupe katikati. Unga wa kuenea ukutani ni jambo lingine.

Katuba_Bloku
Hao wachomaji wenye akili wako wapi? Siku hizi wanachoma kwa kuni kidogo, nusu ya tanuru inatoka mbichi, tufali linakunywa maji mpaka basi.

Kichuguu_Chekundu
Hiyo ni kuni na haraka, kichuguu hakina kosa. Gonga matofali mawili pamoja, likilia kwa sauti kali nunua, likitoa sauti nzito liache.

Bel_Air_243
Niwie radhi, nilikuwa kazini. Ni ukuta wa lupango. Tulijenga mvua za mwaka jana zilipokwisha. Unga uko sehemu mbili: mistari ya juu kabisa, na chini mpaka usawa wa magoti. Katikati ni safi. Matofali nilinunua upande wa barabara ya Kipushi, sikuuliza udongo. Nimefanya ile ya kulowesha, unayeyuka. Halafu upande wa pili jirani ana bustani ya mboga, mwanamke mchapakazi, anamwagilia asubuhi na jioni.

Mama_Kampemba
Bustani! Hilo ndilo lilikuwa la kusema kwanza, baba. Maji ya kila siku, mbolea ya samadi yenye chumvi zake, na vyote vimeegemea ukuta wako. Vanishi gani itashinda hiyo?

Fundi_Kalubwe
Na juu? Ukuta una kofia, yaani kifuniko cha kuukinga mvua? Na juu ya msingi masoni alilaza karatasi ya lami, au hata plastiki nzito, maji ya ardhini yasipande?

Bel_Air_243
Kofia hakuna, mstari wa mwisho ni matofali yaliyolazwa tu. Juu ya msingi hakuweka kitu, alisema ukuta wa lupango hauhitaji.

Yaya_Makomeno
Kwa upande wa vanishi nisikilizeni, maana nyumba ya wazazi wetu iliumizwa na dawa hiyo. Ni nyumba ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji, matofali bila lipu, viungo vya chokaa. Ilikuwa na weupe kidogo chini ya madirisha, haikumdhuru mtu. Dada yetu alipokea wageni wa kampuni fulani wakamwambia wataifanya iwe mpya. Wakaja na mashine ya maji ya presha, wakapiga ukuta mpaka viungo vikatoka mchanga. Siku chache baadaye, ukuta bado umejaa maji ndani, wakapaka vanishi tabaka mbili.

Miezi ya kwanza watu walikuwa wanasimama barabarani kuitazama. Kiangazi kilipofika ikaanza kutoa malengelenge. Ukibonyeza kwa kidole, ngozi ya vanishi inapasuka, nyuma yake kuna chumvi nyeupe imejaa kama pamba. Na vanishi haikutoka peke yake, ilitoka na uso wa tufali. Baba aliweka kiganja chini ya dirisha, unga mwekundu ukawa unamwagikia mkononi bila yeye kugusa ukuta. Hakusema kitu, aliingia ndani.

Mhandisi tuliyemwita baadaye alitueleza kwamba chumvi ikikaukia nje ni uchafu tu, lakini ikizuiwa na ngozi inakaukia ndani ya tufali, inakua fuwele na kulivunja kutoka ndani. Kampuni ilisema kosa ni la matofali. Tulikwangua vanishi kwa dawa ya kutolea rangi, tukabadilisha matofali ya upande wote wa jua, na viungo tukavirudisha kwa chokaa. Vile vya sima walivyoviziba wao vilikuwa vigumu kuliko tufali, kwa hiyo maji na chumvi vilitafuta njia kwenye tufali. Ndugu wa Bel-Air, usikubali vanishi. Hata ikipakwa bure, kataa.

Mwana_Ruashi
Pole sana yaya. Lakini asidi mbona hamuijadili? Hapa kwetu asidi haikosi. Jirani yangu alitumia ya betri, ukuta ukawa safi siku hiyohiyo.

Mhandisi_wa_Golf
Tafadhali, asidi ya betri isitumike ukutani. Ni asidi ya salfa, ileile ya migodini. Ikikutana na chokaa ya viungo inazaa jasi, yaani unaongeza chumvi nyingine ndani ya ukuta. Asidi inayotumika kwa gamba la sima ni klorhidriki, na hata hiyo kwa kipimo: sehemu moja ya asidi ndani ya kumi za maji. Unatia asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Glovu, miwani, watoto mbali. Ukuta unaloweshwa kwanza ili usiinywe, unasugua kidogo, unasuuza mara moja. Kwenye jiwe la chokaa usithubutu, linaliwa. Na kwa unga unaoyeyuka kwa maji kama wa ndugu huyu, asidi haina kazi yoyote.

Mwana_Ruashi
Asante mhandisi. Nilikuwa najua huu weupe ni moshi wa kiwanda cha shaba. Tanuru lile liliwashwa 1911, likawaka miaka mingi, salfa ikawa inatua kwenye kuta.

Mhandisi_wa_Golf
Moshi ule umeharibu mengi na kuta zenye chokaa zinaathirika kweli. Ila upepo wetu mwingi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulikuwa unaelemea kaskazini-magharibi ya kiwanda. Bel-Air haiko njia hiyo. Kwake mimi naona shida ni bustani na kukosa kofia.

Mwana_Ruashi
Mimi nilikulia mtaa wa Gécamines, ile kampuni ya shaba, tulikuwa tunakohoa usiku na mboga za majani zinaungua bustanini. Kwa hiyo msinilaumu nikiulaumu moshi.

Katuba_Bloku
Nakubali vanishi hapana. Lakini lipu ya sima je? Hakuna aliyejibu.

Fundi_Kalubwe
Lipu ya sima kwenye ukuta unaonyonya maji chini inafanya maji yapande juu zaidi, kwa sababu yamezibiwa njia ya kutoka. Mwaka mmoja, miwili, rangi inavimba, lipu inalia mtupu ukiigonga. Kama analazimika kuufunika, basi lipu ya chokaa, ile chokaa ya Kakontwe kule Likasi inapatikana. Hiyo inapumua, chumvi inakaukia humo, ikichakaa unaibandua na kupaka nyingine, tufali linabaki zima.
Kwa sasa, kabla ya mvua: mweke kofia ya sima juu, itokeze pande zote mbili, chini ya ukingo wake ichongwe mfereji mdogo ili maji yadondoke badala ya kutambaa ukutani. Halafu azungumze na jirani asogeze matuta, wachimbe mfereji na kuujaza kokoto.

Bel_Air_243
Jirani ni mtu mzima, mama anayeheshimika, siwezi kwenda kumwambia bustani yake inaniharibia. Na masoni anasema kuingiza lami chini sasa ni kubomoa.

Mama_Kampemba
Usiende peke yako. Mtume mke wako, azungumze naye kama mtoto wake. Mwambieni kokoto mtanunua ninyi.

Mhandisi_wa_Golf
Si lazima kubomoa wote. Inawezekana kukata kiungo kipande kwa kipande, kama sentimita 15 juu ya ardhi, na kuingiza lami. Ni kazi ya subira na masoni wengi hawaipendi. Kwa ukuta wa lupango ningeanza na kofia na mfereji, niangalie kiangazi kijacho.

Yaya_Makomeno
Kuna pia hidrofuji, dawa za kuzuia maji, zisizofanya ngozi, zinaingia ndani ya tufali na kuacha mvuke utoke. Lakini ukuta uwe mkavu na chumvi iwe imekwisha. Kwake bado.

Kichuguu_Chekundu
Wanaotaka kununua matofali: omba tufali moja, lisimamishe kwenye beseni lenye maji ya mvua, kina cha vidole viwili, juma zima, kisha liache likauke. Likiota weupe juu, tanuru hilo liache.

Katuba_Bloku
Na bloku nazo zipimwe hivyohivyo?

Kichuguu_Chekundu
Zipime, mkubwa, halafu uje utuambie.

Bel_Air_243
Masoni amekubali kofia. Vanishi bado anaitaka, anasema makopo ameshayaagiza kwa jina langu. Mke wangu ataenda kwa jirani Jumapili baada ya misa.

Mwana_Ruashi
Kofia ya kumwaga palepale au ya vipande vilivyotengenezwa chini? Na mimi nina ukuta, wenye mawe kwenye msingi, nao umeanza.

Fundi_Kalubwe
Mawe gani? Na msingi una umri gani?