Continental A-65 au Volkswagen 1835 kwa ndege ya kiti kimoja?

MbaoNaKitambaa:

Wakuu, salaam.

Naunda ndege ya kiti kimoja, bawa limekaa juu ya kichwa cha rubani, mbao na kitambaa, nguzo na nyaya zote ziko nje kwenye upepo. Mabawa yamekamilika, bodi imesimama kwenye magurudumu yake, na suala la injini siwezi kuliahirisha tena. Mimi nikiwa ndani na tangi limejaa, uzito wote utafika kilo 350. Mwendo wa kawaida kwa mujibu wa ramani ni kilomita 105 kwa saa.

Ramani imechorwa kwa injini ya ndege ya Continental A-65. Nimepata moja, ni kuukuu na imelala muda mrefu bila kuwashwa. Wakati huohuo kuna fundi anayeniuzia Volkswagen ya Beetle iliyokwisha geuzwa kwa ajili ya ndege: pistoni za milimita 92, krenki (mhimili mkuu wa injini) ya kawaida yenye mwendo wa pistoni wa milimita 69, ujazo wa jumla cc 1835. Anasema inatoa nguvu za farasi 60 kwa mizunguko 3400 kwa dakika. Ni nyepesi kidogo, spea zake zimejaa kila mahali, na bei yake naimudu bila kuumia.

Tofauti ni farasi watano tu. Kuna sababu gani ya kuhangaika na Continental?

PropelaYaMti:

Mkuu, hongera kwa kufika hapo. Wengi huishia kwenye mbavu za bawa la kwanza.

Umeuliza kwa hesabu ya farasi, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Iweke injini kando kidogo, tuanze na propela, maana hiyo ndiyo inayoivuta ndege. Injini kazi yake ni kuizungusha tu.

A-65 inatoa farasi wake 65 kwa mizunguko 2300 kwa dakika. Kwa mwendo huo unaweza kufunga propela ya mti yenye kipenyo cha mita 1.83, na ncha zake zitakwenda kama mita 220 kwa sekunde. Sauti kwenye hewa ya nyuzi 15 huenda mita 340 kwa sekunde, na propela inataka ncha zibaki chini ya hapo kwa nafasi ya kutosha, la sivyo nguvu inageuka kelele. Sasa fikiria Volkswagen inayozunguka 3400, propela ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye krenki. Huwezi kuipa ile ya mita 1.83, kwani ncha zingekaribia kasi ya sauti, na injini yenyewe isingeweza kuizungusha kufikia mizunguko inayotoa nguvu. Utaishia kwenye mita 1.37 hivi.

Piga hesabu ya duara. Propela ndogo inafagia mita za mraba 1.47, kubwa inafagia 2.63. Ndege inaposimama mwanzoni mwa uwanja, au inapopanda polepole, msukumo unatokana na kushika hewa nyingi na kuisukuma taratibu. Kwa hesabu tupu ya fizikia, farasi 65 kwenye duara kubwa wanakupa msukumo uliozidi ule wa farasi 60 kwenye duara dogo kwa zaidi ya robo. Hao farasi watano peke yao wangekuongezea kama asilimia 5 tu. Hiyo nyingine yote ni kipenyo.

Ndiyo maana Bernard Pietenpol, kule Marekani mwaka 1929, aliweza kuirusha Air Camper yenye viti viwili kwa injini ya gari la Ford Model A. Chuma kizito kile, farasi 40 tu! Lakini kilizunguka taratibu na kikabeba propela ndefu. Ndege yake ilikuwa na nguzo na nyaya nje kama yako. Ndege ya namna hiyo huishi kwenye kasi ndogo, na kwenye kasi ndogo kipenyo ndicho mfalme.

Mimi siichukii Volkswagen hata kidogo. Ndege ndogo za KR-1 na KR-2 za Ken Rand zilibuniwa kwa injini hiyo, na zinaruka vizuri kwa sababu ni nyembamba, laini, hazina nyaya, na zinakwenda kasi. Kasi ya ndege ikiwa kubwa, propela ndogo haipotezi sana. Kwa hiyo ningekuwa najenga KR ningenunua hiyo 1835 leo. Kwa ndege yako ya kilomita 105 kwa saa, siinunui.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ni zito vilevile: joto. A-65 ina ujazo wa lita 2.8. Hiyo Volkswagen ina lita 1.8 na inaombwa karibu kazi ileile. Ilipokuwa garini, nguvu zote iliombwa kwa muda mfupi, kupita lori au kumaliza mlima, halafu inapumua. Ndege inataka robo tatu ya nguvu kwa saa nzima mfululizo. Joto lote hilo linatoka kupitia mapezi ya kupoza ya hedi (vichwa vya silinda) mbili ndogo, na mapezi hayo hayakui kwa sababu umeweka pistoni kubwa zaidi. Kinachoanza kuchoka ni valvu ya eksozi (ya kutolea moshi) na gaidi yake, yaani bomba dogo linaloiongoza. Ukimsikia mtu akikutajia farasi 60, muulize: kwa dakika ngapi? Mimi kwenye mwendo wa kawaida sitaki kuona hedi ya Volkswagen ikipita nyuzi 200, na nikiheshimu hilo, farasi ninaobaki nao ni wachache kuliko wale wa kwenye karatasi.

Silinda4:

Mimi naruka na 1835 hiyohiyo kwenye ndege ya bawa la chini, na nakubaliana na PropelaYaMti kuhusu kipenyo. Kuhusu joto nitaongeza tu kwamba nusu ya ugomvi ni vibati vya kuelekeza hewa. Hewa ikiingia puani lazima ilazimishwe kupita katikati ya mapezi, isipate mwanya wa kukimbilia pembeni. Washa taa ndani ya kava la injini usiku, na kila unapoona mwanga unatoroka, ziba kwa mpira laini. Na tundu la kutokea hewa liwe kubwa kuliko la kuingilia.

Ila tusimdanganye ndugu yetu kuhusu Continental ya zamani. Bei ya kununua ni mwanzo tu. Krenki ikikutwa na ufa, au silinda mbili zikikataliwa, ile Volkswagen unaweza kuinunua mara ya pili kwa fedha hizo. Na usipoteze muda na gia boksi ya kienyeji ya mkanda ili kupunguza mizunguko ya VW. Mtetemo wa krenki kujipinda na kujikunjua unavunja vitu ambavyo kwa macho vinaonekana vizima.

MbaoNaKitambaa:

Nimeelewa, na nashukuru sana. Kumbe nilikuwa nalinganisha vitu visivyolingana. Basi nielekezeni: hiyo A-65 iliyolala, nianzie wapi kuikagua? Na injini ya Rotax 582 je? Kuna mtu anayo moja na gia boksi yake.

PropelaYaMti:

Nianze na 582, maana ni mshindani halali. Farasi 65 kwa mizunguko 6500, lakini ukipata ile yenye gia ya 2.58, propela inazunguka kama 2520, kwa hiyo kipenyo unakipata. Ni nyepesi kuliko Continental. Unacholipia ni mafuta, kwa kuwa injini ya kuchanganya oili na petroli hunywa zaidi kwa kazi ileile, na muda wa kufunguliwa yote ni saa 300. Pia ukiiweka puani badala ya A-65, pua inakuwa nyepesi na kitovu cha uzito kinarudi nyuma. Itabidi fremu ya kushikia injini irefushwe, na kwa ndege ambayo mbunifu aliichora kwa injini nyingine, hiyo ni hesabu ya kufanywa upya kwenye karatasi kabla ya kuchomelea bomba hata moja.

Kwa A-65, soma kwanza kibati cha namba. Herufi F baada ya 8, yaani A-65-8F, maana yake krenki ina flenji mbele, sahani ya kufungia propela kwa bolti. Isipokuwepo, krenki imechongoka kama koni na propela inashikwa kwa habu ya kuchomeka. Usinunue propela kabla ya kujua hilo.

Kisha weka dayal geji (saa ya kupimia mpindo) mbele ya krenki uizungushe kwa mkono. Kama propela iliwahi kugonga ardhi, sindano itakuambia hata kama muuzaji hakukuambia. Pima kila silinda kwa kuingiza hewa ya psi 80. Wengi wetu tunaridhika ikibakiza 60 au zaidi. Iliyo chini ya hapo, sikiliza inakovuja: ukisikia mluzi kwenye bomba la eksozi ni valvu, ukisikia kwenye tundu la oili ni ringi. Katika Continental hii kamshafti, mhimili unaofungua valvu, iko chini ya krenki, kwa hiyo haikaukiwi na kushika kutu kama ile ya injini za Lycoming iliyo juu, lakini ng'oa silinda moja utazame nyuso za tapeti (visukumizi vya valvu) hata hivyo. Krenki ipelekwe ikapimwe nyufa kwa sumaku. Hilo usilikwepe kwa bei yoyote.

Ikipita hayo yote, inunue. Kompresheni yake ni ndogo, 6.3 kwa 1, iliundwa kwa petroli ya okteni 73, ina magneto mbili za kujitengenezea cheche, na haihitaji betri wala alteneta ili izunguke.

Silinda4:

Na kabla ya kupaa mara ya kwanza, pima mtiririko wa mafuta. Inua pua mpaka kufikia mwinuko mkali zaidi utakaopanda nao, acha mafuta kidogo tu tangini, fungua bomba pale linapoingia kwenye kabureta, kinga kwa ndoo iliyopimwa na ushike saa. Kwa tangi linalotiririka kwa uzito wake lenyewe, unataka asilimia 150 ya kile injini inachokunywa kwa nguvu zote. Tuseme ni lita 22 kwa saa, basi kasi ya kujaa ndoo iwe lita 33 kwa saa. Ikipungua, tafuta kona iliyobanwa kwenye bomba au tundu la hewa la mfuniko wa tangi.