Mmetuita "jioni ya jamii", kumbe mmetuitia mnada wa kamera

Wakuu, salaam. Mods, naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la matangazo. Huko ndiko ilikostahili kwenda ile shughuli yenyewe.

Wiki iliyopita hapa Dar kulikuwa na jioni ya mazungumzo kuhusu roboti na vifaa vinavyoungana na intaneti. Waandaaji siwataji, wapo humu na wanajijua. Tangazo lilisema ni bure, ni la jamii, mafundi na wanafunzi njooni na kazi zenu, saa 11 jioni. Watu wametoka Mbagala, Gongo la Mboto, mpaka Kibaha, wengine wamepakata maboksi ya miradi yao kwenye daladala. Ikaanza saa 1 kasoro. Hilo tumeshalizoea, silipigii kelele.

Ninachopigia kelele ni muuza kamera. Jamaa kashika kipaza sauti karibu nusu ya jioni nzima, slaidi juu ya slaidi, Kiingereza kitupu mbele ya mafundi wa Kariakoo, halafu anamalizia na bei ya "ofa ya leo tu". Ile roboti iliyopamba tangazo ikaletwa mbele, ikasimama kama mlingoti. Wi-Fi ya ukumbi imegoma! Yaani kitu mnakiita roboti, na hakiwezi kuinua mkono mpaka kiombe ruhusa kwa seva iliyo ng'ambo, na hakuna hata mmoja wenu aliyeona haya.

Halafu mfunguzi anatuambia Waafrika "tuanze kuota" kuhusu roboti. Kuota tena? Kinshasa waliweka roboti za kuongoza magari barabarani mwaka 2013, kazi ya Wakongo wenyewe chini ya mhandisi Thérèse Izay, zikitumia umeme wa jua. Rwanda damu inafikishwa hospitalini kwa droni tangu 2016. Mtu anayefungua mkutano wa roboti na hayo hayajui, alialikwa kwa sifa gani?

Sasa nije kwenye kilichonichoma. Kuna dogo alikuja na mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Boksi la mbao, balbu, feni ya kompyuta, bodi ya Arduino (kijikompyuta kinachoendesha mashine), na moduli ya SIM800L inayotuma meseji joto likiyumba. Hana Wi-Fi huko anakoishi, kwa hiyo kachagua laini ya kawaida ya simu, na hata kiswaswadu cha mama yake kinapokea taarifa. Nilizungumza naye kwenye foleni ya maji. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21. Alianza na kihisi cha joto cha DHT11 kwa sababu ndicho rahisi dukani, lakini kile kinaweza kukosea hadi nyuzi 2, na kwa yai nyuzi 2 ni msiba. Akahamia DS18B20, ambacho kosa lake ni nusu nyuzi. Halafu moduli ya simu ikawa inajizima hovyo, kwa sababu inaposaka mtandao inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo na chaja aliyokuwa nayo haikuweza. Akaongeza kapasita, inayotunza umeme wa kitambo hicho, na betri, na betri hiyo hiyo ikamsaidia kwenye meseji umeme unapokatika.

Hiyo ndiyo mada jamani! Kila fundi pale ukumbini angeondoka na kitu. Wakamweka wa mwisho, wakampa dakika tano, na kabla hajafika kwenye betri MC akamnyang'anya kipaza sauti ati "muda si rafiki". Muda ulikuwa rafiki wa nani saa nzima ile?

Kwenye maswali nilimuuliza muuza kamera mambo mawili. Kwanza, kamera zinatoka kiwandani na nywila gani, na je, mteja analazimishwa kuibadilisha? Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta chungu nzima duniani kwa kujaribu tu orodha ya majina na nywila za kiwandani, jozi sitini na kidogo. Oktoba mwaka ule kikaiangusha Dyn, kampuni inayoelekeza kompyuta zilipo tovuti, na watu wengi Marekani wakakosa Twitter na Netflix. Jibu lake: "bidhaa yetu ni salama."

Pili, picha za sebule ya mtu zinahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuziangalia? Akasema "kwenye klaudi", yaani kompyuta za watu wengine huko mtandaoni, akageukia mwingine. Klaudi ya nani, nchi gani? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023. Hilo si swali la uchokozi.

Mzee mmoja akajaribu kuuliza: kampuni ikifa, kifaa kitaboreshwa na nani? Wakacheka. Wamesahau LUKU? Tokeni zake zinabeba hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993 kwenye biti 24, yaani nafasi yenye kikomo, na hesabu hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Ndiyo maana tukabofya tarakimu 20 za kuiboresha mita, kisha nyingine 20, ndipo zile za umeme. Mita isiyofanyiwa hivyo ingekataa tokeni mpya. Ile ni mita, ina shirika zima nyuma yake. Kamera ya ofa ya leo tu ina nani? Mzee aliuliza swali bora kuliko slaidi zote zile, mkamjibu kwa kicheko.

Na msije hapa na hoja ya "wadhamini ndio walilipia ukumbi". Sawa, wapeni meza mlangoni na dakika kumi, waweke na mabango yao. Lakini andikeni kwenye tangazo kwamba ni maonyesho ya bidhaa, mtu aamue mwenyewe kama atatoa nauli.

Waandaaji, nasubiri hapa hapa. Yule dogo mnamrudishia lini muda wake, na nywila ya kiwandani ya zile kamera ni ipi? Waliozinunua siku ile wamo humu, wanasoma.